Vidonge Vilivyobaki: Shajara ya Tathmini Matlab, Bangladesh

Ijumaa, Dhaka

Ndege ya kutoka Dubai ilijaa vijana wa Kibangladeshi wanaorudi likizo kutoka kwenye kazi za ujenzi huko Ghuba. Kwenye mkanda wa mizigo yalipita mablanketi mazito ndani ya mifuko ya zipu, yamefungwa kamba huku na huku, hadi begi langu likatokea. Dereva akanipitisha katika jiji lililokuwa na nafasi barabarani, maana Ijumaa hapa ni mapumziko na wiki ya kazi huanza Jumapili.

Nimekuja kutathmini mradi uliowafunza wauza dawa wa vijijini kuwapa watoto wanaoharisha ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) na vidonge vya zinki, badala ya kuwauzia mama zao antibayotiki. Mfadhili yuko Ulaya, mtekelezaji ni shirika la hapa hapa, nami nimeitwa kutoka Dar es Salaam kwa sababu walitaka mtu asiye wa upande wowote. Usiku nilizisoma tena hadidu za rejea. Wanataka kujua kama mtoto wa kijiji cha mradi anapata ORS na zinki zaidi ya mtoto wa kijiji kisicho na mradi. Nililala nikijiuliza huko kupata kunaishia wapi: dukani, mkononi mwa mama, au tumboni mwa mtoto.

Jumamosi, Mohakhali

Niliomba kuiona hospitali ya icddr,b, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya kuhara, kabla ya kwenda vijijini, na nashukuru walinikubalia. Kwa mtu aliyetumia ujana wake kufuatilia magonjwa ya kuhara, hapa ndipo chimbuko. Ilianza kama maabara ya utafiti wa kipindupindu, iliyoanzishwa Dhaka mwaka 1960, na mwaka 1968 madaktari vijana wawili wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, walionyesha kwa wagonjwa 29 kwamba mtu mzima mwenye kipindupindu akinyweshwa maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo sahihi, mahitaji yake ya dripu hupungua kwa asilimia 80 hivi.

Wodi ni ndefu na vitanda vimepangwa mstari. Kila kitanda kimetandikwa plastiki nene yenye tundu katikati, na chini ya tundu imewekwa ndoo yenye alama za ujazo. Nesi anainama, anasoma alama, anaandika kwenye kadi, kisha anajua mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na anatakiwa kurudishiwa kiasi gani. Hakuna mashine wala skrini. Nilisimama pale muda mrefu nikimtazama akipita kitanda hadi kitanda. Wagonjwa zaidi ya laki moja hutibiwa hapa kwa mwaka bila malipo, na mlipuko ukipamba moto mahema hupigwa uwanjani.

Kitanda cha mwisho palikuwa na mama akimnywesha mwanawe kwa kijiko. Mtoto alitapika, mama akaweka kikombe chini kwa kukata tamaa. Nesi hakumgombeza. Alimwonyesha: ngoja kidogo, halafu anza tena, kijiko kimoja kimoja, usimharakishe. Alibaki naye mpaka vijiko kadhaa vikakaa tumboni.

Nilikumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam. Nilikuwa nakusanya takwimu katika kambi moja ya wagonjwa Kinondoni. Bibi mmoja alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu anakufa, nanyi mnampa maji ya chumvi? Tafadhali mtafutieni dripu." Yule bibi alikuwa na haki ya kuogopa. Hakuna aliyemketisha akamweleza kwa nini maji yale yale ndiyo yanayoponya.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru vya nchi hii, mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India, na kipindupindu kikawafuata. Katika kambi ya Bangaon dripu ziliisha. Dkt. Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu mgonjwa 1 katika kila 3 vikashuka chini ya 4 katika kila 100. Hakuwa na kundi linganishi wala dodoso, lakini alihesabu walioingia na waliotoka hai, akaandika.

Jumapili, kuelekea Matlab

Tumepanda meli ya abiria katika bandari ya Sadarghat, ng'ambo ya mtaa wenye msongamano ambao sijauona hata Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Mto Buriganga ni mweusi na unanuka viwanda. Saa ya kwanza tulipita matanuri ya matofali yenye mabomba marefu ya moshi, kisha maji yakapanuka na kubadilika rangi, tukawa ndani ya Mto Meghna, ambako ukisimama upande mmoja wa meli huoni ukingo. Wachuuzi walipita wakiuza bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, pilipili na mafuta ya haradali.

Nimefuatana na mkalimani wangu, binti aliyesomea takwimu Chuo Kikuu cha Dhaka. Wasimamizi wa kazi ya uwandani humwita Apa, dada mkubwa, hata wanaomzidi umri, nami namwita hivyo, naye ameanza kuniita hivyo hivyo.

Tulishuka Chandpur mchana, tukachukua bajaji hadi Matlab. Ni msimu wa kuvuna mpunga wa aman. Mpunga umeanikwa barabarani na bajaji inapita upande mmoja tu ili isiukanyage.

Jumatatu, Matlab

Mtu wa takwimu akitaja Matlab hutamka kwa heshima. Kituo cha utafiti kilifunguliwa hapa mwaka 1963 kwa majaribio ya chanjo ya kipindupindu, na tangu 1966 kila anayezaliwa, kufa, kuoa, kuhamia au kuhama katika vijiji hivi huandikwa. Ni watu zaidi ya laki mbili. Mimi mwenyewe nilianza kazi nikiwa mdodosaji Rufiji, nikitembea kwenye matope na daftari la kaya, na nilichofundishwa kule kilifuata njia iliyokwisha kupitwa hapa.

Mwaka 1977 walifanya jambo ambalo hadi leo hufundishwa darasani. Waliigawa Matlab sehemu mbili. Upande mmoja wanawake wa vijijini walipeleka huduma za uzazi wa mpango nyumba kwa nyumba, upande wa pili ukabaki na huduma za kawaida za serikali. Uzazi ukapungua haraka zaidi upande wa kwanza, na kwa kuwa daftari lilikuwepo tayari, hakuna aliyeweza kudai kwamba ni bahati au ni mvua nzuri.

Asubuhi tuliwapitisha wadodosaji kwenye dodoso. Wote ni wanawake, wengi wamezaliwa humu humu. Tulibishana vizuri juu ya swali moja. Dodoso la mradi liliuliza, "Je, mtoto alipewa zinki?" Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye miwani, alisema kila mama atajibu ndiyo, kwa kuwa muuza dawa alimpa. Alipendekeza tuombe tuoneshwe vidonge. Nilimuunga mkono palepale na tukaongeza mstari: omba kuona karatasi ya vidonge, hesabu vilivyobaki, andika.

Jumanne, vijijini

Kaya hapa hazikai peke yake. Nyumba nne, sita, wakati mwingine kumi za ndugu wa upande wa mume huzunguka ua mmoja uliofagiliwa, kuta za mabati, nyuma kuna bwawa la samaki na migomba. Ukiingia, salamu ni ile ile ya kwetu pwani, Asalaam alaykum, na baada ya salamu huletwa kiti cha plastiki na sahani ndogo ya tambuu, popoo na chokaa. Nilihisi niko Mji Mkongwe kwa shangazi.

Mama wa kaya ya tatu ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, aliyeharisha wiki iliyopita. Alijibu maswali yote bila kusita. ORS alinunua. Alichanganya pakiti na nusu lita, kama ilivyoandikwa, maana pakiti za hapa si za lita moja. Zinki pia alipewa, kimoja kwa siku. Muuza dawa alimwambia hivyo, na anamsifu.

Mdodosaji akaomba kuona. Mama akaingia ndani, akasogeza vyombo kwenye rafu, akarudi na karatasi ya vidonge iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Vidonge kumi, vinne vimetobolewa, sita vimo bado ndani ya vitundu vyao. Mdodosaji hakukunja uso. Aliuliza tu, "Vilimshinda?" Mama akasema hapana, mtoto alipona siku ya nne, sasa kwa nini ampe dawa mtoto mzima? Anavihifadhi kwa safari nyingine akiugua.

Hayo ni maneno ya mama mwenye akili na mwenye kubana matumizi. Tatizo ni kwamba kazi ya zinki haiishi kuhara kunapokoma. Tangu 2004 WHO na UNICEF wamependekeza mtoto apewe siku 10 hadi 14, kwa sababu zinki hujenga kinga ya utumbo, na faida yake nyingine huja katika miezi inayofuata, kuhara kunapopungua kurudi. Mama huyu hakuambiwa hivyo. Aliambiwa "kimoja kwa siku", akaelewa kama anavyoielewa kila dawa: unakunywa mpaka upone.

Tuliendelea na kaya nyingine mpaka jua likashuka, na karatasi zile zile zilitoka kwenye rafu, mifukoni, chini ya godoro, karibu zote zikiwa na vidonge vilivyobaki. Katika fomu za mradi, kaya hizi zote zimeandikwa kuwa mafanikio.

Jumatano

Kaya, kaya, kaya. Leo tulikuwa upande wa vijiji vya ulinganisho. Jambo la kuandika ni moja: wanawake wengi wa upande huu hununua dawa katika soko lililo ndani ya eneo la mradi, kwa wauza dawa wale wale waliofunzwa. Kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili itaonekana ndogo kuliko ilivyo kweli. Nimeongeza swali la soko la kila kaya ili tuweze kulitenganisha hilo kwenye uchambuzi. Mradi huu usije ukahukumiwa umeshindwa kwa kuwa umewafikia watu wengi kuliko ulivyopangiwa.

Alhamisi, kisimani

Kila ua una pampu ya mkono juu ya jukwaa la saruji. Leo, wakati mdodosaji akijaza dodoso, mama wa nyumba alimtuma bintiye alete maji aweze kutuonyesha anavyochanganya ORS. Binti alikwenda kwenye pampu, akaisukuma mara chache, akarudi na jagi. Maji yalikuwa meupe, ya baridi, hayana harufu. Apa aliniangalia, kisha akaangalia pampu. Shingoni, chini ya mpini, kulikuwa na mabaki ya rangi nyekundu, imebanduka kiasi kwamba usingeiona kama hujui unachotafuta.

Zamani watu wa hapa walikunywa maji ya madimbwi na mito, na watoto walikufa kwa kuhara. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na UNICEF walihimiza visima vya pampu, watu wenyewe wakaendelea kuchimba kwa fedha zao, na ripoti za miaka mingi zilihesabu visima kwa fahari. Mwaka 1993 ikagundulika aseniki katika maji. Ni sumu ya asili iliyomo kwenye udongo ulioletwa na mito hii mikubwa, na pampu fupi ziliivuta kutoka tabaka za juu. Hadi mwaka 2000, jarida la WHO lilikuwa likikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 wako hatarini. Visima karibu milioni 5 vikapimwa nchi nzima. Vilivyozidi mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha Bangladesh, vilipakwa nyekundu, na vilivyobaki vilipakwa kijani. Vyekundu vilikaribia milioni 1.4. Matlab ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya, zaidi ya nusu ya visima vilikutwa juu ya kiwango hicho, na kiwango cha WHO chenyewe ni 10 tu.

Msimamizi wa wadodosaji alikuwa na kipimo cha aseniki cha uwandani kwenye pikipiki yake, kilichobaki kutoka kazi nyingine. Tulimwomba ruhusa mama, naye akaita mume wake, na shemeji, na mama mkwe, mpaka ua mzima ukakusanyika. Akatia maji kwenye chupa, akamwaga unga wa pakiti ya kwanza, kisha wa pili, maji yakaanza kuchemka mapovu bila moto. Akafunika kwa kifuniko chenye kipande cha karatasi nyeupe. Tukangoja. Mama mkwe alitafuna tambuu yake kimya. Msimamizi alipofunua, ile duara ya karatasi ilikuwa imegeuka kutoka nyeupe kuwa njano iliyokolea kuelekea kahawia. Akaiweka kando ya kadi ya rangi, akasogeza kidole kutoka chini kwenda juu, kikapita alama ya 50 na kuendelea.

Mume alisema rangi wanaikumbuka. Walipaka miaka mingi iliyopita. Kwa muda walichota kwenye kisima cha kijani cha ua wa jirani, halafu ukatokea ugomvi wa mpaka wa shamba, wakaacha kwenda. Na mabinti wamekua, njia ya kwenda kwenye kisima kirefu cha serikali inapita mbele ya duka la chai linalokaliwa na vijana. Hivyo pampu ikarudi kazini. Yeye mwenyewe ana madoa meusi kifuani, kama matone ya mvua kwenye vumbi, na viganja vigumu. Alinyoosha viganja nikavishika. Hakuna kidonge cha kuondoa hilo. Tiba ni kubadili maji, na kuyachemsha hakusaidii.

Nimekulia Arumeru, kwenye maji ya floraidi. Watu wa kwetu tunajulikana kwa meno ya kahawia, na watoto wengine miguu imepinda kwa maji ambayo ukiyatazama kwenye glasi huyaoni kasoro, nayo pia hayasafiki kwa kuchemshwa. Nilimwambia mama huyo hivyo, nikafunua meno yangu akayaona. Alicheka, akanishika bega, halafu akaanza kuuliza maswali mfululizo kuhusu kisima kirefu, nani anasaini ombi, inachukua muda gani, ni kweli kinapita mita 150. Apa alimwandikia jina la ofisi ya wilaya inayoshughulikia maji.

Kwa haki ya mradi niseme jambo hili wazi. Mtoto anayeharisha anywe ORS, hata kama maji yaliyopo ni haya. Upungufu wa maji mwilini unaua kwa saa chache, aseniki huumiza kwa miaka. Mama hakukosea hata kidogo. Lakini mradi uliomfundisha kuchanganya pakiti kwenye "maji safi ya kisima" haukuwahi kumuuliza ni kisima kipi, na hakuna hata safu moja ya rangi ya pampu katika madodoso yake yote. Jioni nimeiongeza: rangi ya pampu, nyekundu, kijani, haina, haisomeki.

Ijumaa, mapumziko

Msimamizi alitualika kwa wazazi wake. Chakula kilikuwa wali, dengu, na samaki wa ilish katika mchuzi wa haradali, mifupa yake mingi na myembamba mno, unakula taratibu kwa vidole. Chandpur husifika kwa samaki huyu.

Mama yake alikuwa mmoja wa wale wanawake waliotembea kwa ajili ya BRAC katika miaka ya 1980. Shirika hilo liliundwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, na kati ya 1980 na 1990 lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kuokoa mtoto kwa vitu vya jikoni. Kaya zaidi ya milioni 12 zilifikiwa. Nilimwomba anionyeshe. Alinyanyuka na umri wake, akachukua chumvi kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru kwa konzi, akavitia kwenye nusu seri ya maji, yaani karibu nusu lita, akakoroga, akanipa nionje kwanza. Isizidi chumvi ya machozi.

Kilichonivutia zaidi ni mshahara wake. Hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baada ya wiki kadhaa mkaguzi asiyemjua alikuja, akachagua sampuli ya akina mama, akawauliza yale mambo waliyofundishwa na kuwataka watengeneze mchanganyiko mbele yake. Mama akikumbuka yote, mfunzaji alilipwa kamili. Akikumbuka nusu, malipo yalipungua. Akisahau, hakuna kitu. "Tulirudi wenyewe usiku kuwakumbusha," alisema.

Hata hivyo tathmini za mwanzo zilionyesha kwamba akina mama walikumbuka vizuri sana, ila waliotumia walikuwa wachache mno. Wangeweza kutangaza ushindi kwa zile alama za kumbukumbu. Badala yake waliendelea kuuliza, wakakuta wafunzaji wenyewe hawaamini walichofundisha: wao wakiharisha walikimbilia vidonge. Tena wanaume, wanaotoa fedha ya dawa, hawakuwa wameshirikishwa. Wafunzaji wakafunzwa upya, wakaanza kunywa mchanganyiko mbele ya watu, na wanaume wakafuatwa misikitini na sokoni. Mama huyu anasema siku aliyokunywa glasi nzima mbele ya mama mkwe wa kijiji cha pili ndiyo siku alipoanza kusikilizwa.

Miaka zaidi ya 40 baadaye mimi nahesabu vidonge sita kwenye gazeti, na mradi mpya umelipa wakufunzi kwa idadi ya semina.

Jumapili, madukani

Maduka ya dawa ya vijijini ni vibanda vya mabati vyenye rafu hadi darini. Vyeti vya mafunzo vimewekwa fremu na kutundikwa, na wenyewe wanavithamini. Mzee mmoja aliniambia kwa uwazi ambao ripoti yoyote ya mradi ingefaidika nao. Pakiti ya ORS haina faida ya maana kwake, antibayotiki inayo. Lakini faida peke yake si kisa. Mama akitoka dukani na pakiti moja ya unga anahisi hajatibiwa, na atakwenda duka la pili. Kwa hiyo anampa vyote viwili, ORS na zinki kwa sababu alifundishwa na anaamini, na antibayotiki ili mama asiondoke. Nilimuuliza kama aliwahi kueleza kwa nini zinki ni siku kumi. Alifikiri, akasema walimfundisha kipimo, sababu hawakumfundisha, hivyo hana cha kueleza.

Tulikaa naye mpaka wateja wa jioni wakaanza kuja. Akamhudumia mama mmoja tukiwa hapo, na alipompa zinki alisema, "Hii si ya kuzuia kuharisha kwa leo tu. Hii ni ya kumkinga mwezi ujao. Maliza zote." Mama akarudia maneno hayo mwenyewe kabla ya kuondoka.

Jumanne, Dhaka

Kikao cha matokeo ya awali kilianza saa nne na kuisha alasiri. Nilianza na mazuri, kwa kuwa yapo na ni ya kweli: ORS inatumika pande zote mbili, wauza dawa waliofunzwa wanatoa zinki, na mradi umevuka mipaka yake. Kisha niliweka picha ya karatasi ya vidonge. Mwakilishi wa mfadhili aliuliza mara mbili kama kiashiria hakikutimia. Nilimjibu kwamba kilichopimwa kimetimia, na mtoto bado anakunywa vidonge vinne. Tulikubaliana kiashiria kibadilike kutoka kupewa hadi kumaliza, na kihakikiwe kwa kuona vidonge. Mkurugenzi wa utekelezaji aliomba sababu ya siku kumi iingizwe kwenye mafunzo ya robo ijayo, na akatoa pendekezo kwamba malipo ya wakufunzi yafuate kile mama anachokumbuka. Hakuna aliyehitaji kumweleza wazo hilo limetoka wapi.

Kwenye visima mambo yalikuwa magumu. Niliambiwa maji hayamo kwenye hadidu za rejea, kwamba ni suala la idara nyingine, na kwamba kuliweka kwenye ripoti kutawatisha watu waache ORS. Hoja hiyo ya mwisho ni nzito na niliichukulia kwa uzito. Nikasema ripoti itaandika kwa herufi nzito kwamba ORS isiachwe kwa hali yoyote, halafu itaonyesha ni kaya ngapi za sampuli yetu zinachanganya kwa maji ya pampu nyekundu au isiyosomeka, kwa sababu tumeziona kwa macho na tumeziandika, na wenye kaya hizo wametuuliza wafanye nini. Sitalitoa. Apa alisema kwa Kibangla maneno marefu kuliko yangu, na chumba kikanyamaza, kisha mkurugenzi akakubali mambo mawili: pampu zote za kaya za sampuli zipimwe kabla ya awamu ijayo, na orodha ya zile zilizozidi kiwango ipelekwe ofisi ya wilaya, pamoja na ombi la kisima kirefu kwa ule ua wa Alhamisi. Nimehakikisha imeingia kwenye muhtasari wa kikao, yenye cheo cha mhusika na tarehe.

Ndege ni usiku. Rasimu ya pili naituma Jumatano ijayo. Sehemu ya visima nimeitoa kwenye viambatisho, nimeiweka kwenye sura ya matokeo, mara tu baada ya jedwali la zinki.